Mrashi haukatwi mafungu

Bibi yetu wa Mkomani, hapa Lamu, aliacha nyumba, shamba na kasha lililopigwa misumari ya shaba, na vilivyomo. Nyumba na shamba havikuwa na mjadala: sheria ya mirathi inajulikana, wa kiume mafungu mawili, wa kike fungu moja. Kazi ilikuwa kwenye kasha. Mrashi, kile chombo cha kunyunyizia marashi, haukatwi mafungu, wala kofia ya marehemu babu.

Mimi mjukuu, mirathini simo, kwa kuwa wanawe wako hai. Nadhani ndiyo maana baba, ami na mashangazi waliniachia nisimamie ugawaji. Sikuwa na changu cha kugombea.

Nilingoja Idi ya mfunguo mosi, siku ambazo hata wa Nairobi huteremka Mokowe wakavuka kwa boti. Mambo ya urithi kwenye simu huzaa maneno. Afadhali watu watazamane. Siku za mwisho za Ramadhani nilivitoa vitu vyote nikavisafisha. Mrashi wa shaba ulikuwa umefanya kutu ya kijani. Niliusugua kwa ukwaju mzito uliorowekwa maji ya moto, nikausuuza na kuukausha pale pale, maana hewa yetu ya chumvi haisubiri. Sahani zenye ukingo wa dhahabu sikuzigusa kwa ukwaju. Ukali wake ungeuchubua ule ukingo. Kofia, ile ya kushonwa kwa mkono yenye vitobo vidogo vidogo, niliifua taratibu, nikaitia wanga na kuivika kwenye faruma ikauke na umbo lake.

Baada ya swala ya Idi na chai, nikavipanga kwenye zidaka za bibi, vile vishubaka vya ukutani. Sikuuliza nani anataka nini. Niliuliza, "Hiki kilitoka kwa nani?" Hapo ndipo mambo yalipolainika. Shangazi mkubwa akaeleza kwamba mrashi ule alitunzwa bibi na somo yake, yule aliyemfunda, siku ya harusi, na kwamba kila mwali wa mtaa huu alirashiwa kwa huo. Ami, aliyekuwa ameuwekea jicho, akasema mwenyewe, "Basi ukae kwa wanawake." Wengine wakaridhia, nami nikaandika: kitu, kimetoka kwa nani, kimekwenda kwa nani. Wote wakatia sahihi. Msione haya kuandikishana kwa sababu ni ndugu.

Kukabaki sahani moja. Zetu zote zina alama ya rangi ya buluu chini, lakini hii ilikuwa na nukta nyekundu ya rangi ya kucha. Shangazi mdogo akacheka mpaka akakaa chini: ni ya jirani, ililetwa na futari miaka hiyo na haikurudi. Tukaijaza tambi, tukampelekea na shukrani zetu zilizochelewa. Yule mama akaigeuza kwanza, akaitazama nukta. "Marehemu mama aliitafuta hii hata akatusingizia sisi watoto!" Jioni ikarudi kwetu imejaa halua. Shangazi ameiweka, anasema itakwenda tena Idi ya mfunguo tatu.

Kofia ilimwangukia ami, ikambana kichwa. Akamvika mwanawe, wa darasa la pili, akamwambia huo ndio mkono wake wa Idi, kofia ya babu yake, mkubwa wa nyumba hii. Mtoto akaishika kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu, kisha akauliza, "Na pesa je?"

Akapewa na pesa.