Ukiniambia una aleji, nitajie na dawa

Mara nyingi naletewa daftari la mgonjwa ambalo juu ya jalada mtu ameandika kwa herufi kubwa: ALEJI YA SINDANO. Jina la dawa hakuna, mwaka hakuna, kilichompata mgonjwa hakuna. Mimi ni muuguzi wa chumba cha sindano katika zahanati moja nje kidogo ya jiji la Dodoma, na maandishi ya namna hiyo yananikosesha amani. Sindano ni bomba tu. Ndani yake inaweza kupita penisilini, seftriaksoni, diklofenaki, ganzi ya jino, hata vitamini. Ukiniambia sindano ilikudhuru, bado sijajua nikukinge na nini.

Wakati wa palizi aliletwa bibi mmoja, mguu umevimba na kuwaka moto, ngozi imekaza mpaka inang'aa. Alikuwa amejikata na jembe, akakaa na kidonda. Mjukuu wake wa bodaboda ndiye aliyembeba, na daftari lake lilikuwa na maneno hayohayo. Tukasalimiana, nikavuta kiti.

"Bibi, hiyo sindano ilikufanya nini?"

"Iliniua, mwanangu."

"Ilikuuaje?"

"Nilianguka palepale. Kuamka najiona nimelazwa chini, jasho linanitoka, watu wananipepea na khanga."

Nikamuuliza kama aliwashwa mwili. Hapana. Midomo au macho yalivimba? Hapana. Kifua kilibana, alikohoa, alitapika? Hapana. Ilikuwa dawa gani? Akasema ile nyeupe nzito kama maziwa, waliyokuwa wakimchoma kila siku. Hiyo nikaijua: PPF, penisilini ya tangu zamani. Siku mbili za kwanza alichomwa akarudi nyumbani salama. Siku ya tatu alitoka shambani moja kwa moja, hajala kitu, akasimama foleni juani, na alipoiona sindano tu, miguu ikamwishia nguvu. Dawa yenyewe, anasema, hana hakika hata kama iliingia. Tangu hapo alikataa sindano zote, na kila aliyemhudumia alinakili maneno yaleyale kutoka daftari la zamani kwenda jipya.

Yule bibi alizimia. Kuzimia kwa woga, njaa na jua ni jambo la kweli na linatisha, lakini mwili haukuwa umeikataa penisilini. Tabibu wetu alimuuliza upya maswali yote, akaridhika, akamwandikia vidonge vya jamii hiyohiyo ya penisilini. Dozi ya kwanza aliinywa mbele yetu, trei ya dharura iko mezani, akakaa nasi zaidi ya saa nzima mjukuu akimsimulia habari za mjini. Hakuwashwa hata kidole. Ndipo nikachukua kalamu nyekundu, nikakata yale maneno na kuandika kilichotokea kweli. Tafadhali mtu asiige hili nyumbani. Uamuzi wa kumrudishia mtu dawa aliyoambiwa inamdhuru ni wa tabibu, tena mahali penye adrenalini, dawa ya kumwokoa mtu aleji inapomvamia ghafla, na kuna watu ambao hawatakiwi kujaribiwa kamwe, nitawafikia.

Kwa nini nahangaika na mstari mmoja wa daftari? Kwa sababu jamii ya penisilini ndiyo ngao yetu ya kila siku. Ukimfungia mtu mlango huo bila sababu, anaishia kwenye dawa za bei kubwa, au zisizofaa ugonjwa wake vizuri, au zilizotakiwa kutunzwa kwa wagonjwa mahututi. Kwa mjamzito mwenye kaswende jambo ni zito zaidi: penisilini pekee ndiyo imethibitika kumtibu mtoto aliye tumboni. Mjamzito mwenye mzio, yaani aleji, wa kweli wa penisilini hupelekwa hospitali kubwa akazoeshwa dawa hiyo kidogo kidogo kwa saa kadhaa chini ya uangalizi, kisha akapewa dozi kamili. Nchi zenye vipimo vya mzio zimeona kwamba karibu watu 9 kati ya 10 walioandikiwa mzio wa penisilini wanaweza kuitumia salama wakichunguzwa. Wengine hawakuwahi kuwa nao. Wengine walikuwa nao ukaisha, kwa sababu mzio wa penisilini hufifia miaka ikipita.

Watoto nao huingizwa humo bure. Mtoto ana homa ya virusi, anapewa amoksilini, siku ya tano anatoka vipele. Virusi vyenyewe hutoa vipele! Lakini lawama inakwenda kwa dawa, na mtoto anakua nayo mpaka anaoa.

Wengi huniuliza kama kipo kipimo cha damu cha kujua aleji ya dawa. Kwa dawa nyingi tunazotumia hakipo cha kutegemea. Kwa penisilini wapo wataalamu wanaopima kwa kudonyoa ngozi ya mkono kwa dawa maalumu na kusubiri robo saa au zaidi kidogo. Ile desturi ya kuchoma kidogo chini ya ngozi kwa dawa yoyote iliyopo na kusema "hakuna kitu, endelea" mimi siiamini. Ngozi kunyamaza hakumaanishi mwili umekubali. Kipimo kikubwa ni masimulizi. Dawa ipi, ya ngapi katika dozi, baada ya muda gani, kilianza nini, kilikwisha vipi, ulishawahi kuitumia tena. Hapo ndipo ukweli unapopatikana, na ndiyo maana navuta kiti.

Kuna kaka mmoja fundi uashi aliyekuja na mkewe, na nilijua kabla hawajakaa kwamba nyumbani hakuna maelewano. Alikuwa na baka la mviringo kwenye mdomo na jingine sehemu za siri, rangi ya zambarau iliyokolea, linachoma, katikati limeanza kufanya lengelenge. Lilishatokea zaidi ya mara moja. Linapona, linaacha doa jeusi, kisha baada ya miezi linaamka palepale. Alishatibiwa magonjwa ya zinaa sehemu mbalimbali. Mke akaniambia, "Dada, mimi nataka ukweli tu."

Niliwauliza wote wawili pamoja. Kabla baka halijatokea, anakuwa ameumwa nini? Mke ndiye aliyejibu: tumbo. Akiharisha huko kwenye ujenzi, ananunua Septrin. Mara zote? Wakatazamana. Mara zote. Na baka huja baada ya saa chache tu, jioni ya siku hiyohiyo.

Huo ni mzio wa dawa unaojulikana sana na madaktari wa ngozi, na sifa yake kubwa ni kurudi mahali palepale. Askari wa mwili waliopigana pale mara ya kwanza hawaondoki. Wanabaki ndani ya ngozi ya mahali hapo kama mgambo aliyeachwa lindoni, na dawa ileile ikipita tena wanaivamia. Midomo, viganja na sehemu za siri ndiyo makao yake makuu. Septrin huongoza, lakini doksisaikilini, metronidazo na dawa za maumivu kama ibuprofeni nazo huleta. Tulimpima kaswende na VVU kwa sababu ni haki kupima, majibu yakawa safi. Tiba yake kubwa ni kuacha dawa hiyo. Mke alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe ni vidonge." Nimeshuhudia ndoa zikiyumba na watu wakizunguka kwa waganga kwa ajili ya doa hili, na inaniuma, maana jibu lilikuwa kwenye pakiti iliyotupwa.

Mwenye mzio wa Septrin ajue pia kwamba SP, ile inayotolewa kliniki ya wajawazito kukinga malaria, nayo ina salfa kama Septrin. Dada zangu, msione haya kusema mbele ya foleni. Utakingwa kwa njia nyingine: chandarua, na kupima mara homa inapoanza.

Sasa wale wasiotakiwa kujaribiwa tena. Kuna upele ambao siku ya kwanza unafanana na wa kawaida, lakini ngozi haiwashi sana, inauma. Homa ipo. Macho yanakuwa mekundu, midomo inachubuka, kumeza mate ni shida, kukojoa kunachoma. Kisha malengelenge, na ngozi kubanduka. Madaktari wanauita Stevens-Johnson, kwa majina ya Wamarekani wawili waliouelezea mwaka 1922. Huua, na anayepona anaweza kubaki na makovu ya macho maisha yake yote. Kinachowapoteza watu ni muda: hutokea siku kadhaa hadi wiki chache baada ya kuanza dawa, kwa hiyo mgonjwa anatafuta alichokula jana wakati dawa aliianza wiki tatu zilizopita. Septrin imo. Nevirapini ya VVU imo. Dawa za kifafa, kabamazepini na fenitoini, zimo, pamoja na alopurino ya gauti. Ukiona dalili hizi acha kusubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo na pakiti za dawa zako zote mkononi. Hapa kwetu ni Rufaa ya Mkoa au Benjamin Mkapa. Na ukipona, dawa hiyo usiiguse tena, hata chembe, hata mtu akisema anakupima tu.

Mzio wa ghafla hauna subira hata hiyo. Mtu amechomwa, anainuka kwenda zake, anasema viganja vinamwasha. Mabaka yanatokeza, midomo inavimba, sauti inakwama, kifua kinapiga mluzi, au tumbo linamkata na anatapika, presha inashuka. Dakika chache tu. Dawa yake ni adrenalini, nayo inachomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Mtu mzima nusu miligramu, na hurudiwa baada ya dakika tano kama hali haijakaa sawa. Alale, miguu iinuliwe. Anayeshindwa kupumua akae ameegemea, lakini asisimamishwe wala kutembezwa, maana wapo waliokufa kwa kuinuka tu. Dripu na oksijeni vinafuata. Piriton na haidrokotisoni zina nafasi yake baadaye, na sipendi kabisa kuona mtu anazitafuta hizo kwanza wakati adrenalini iko kwenye trei. Maziwa hayasaidii. Akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani hali huweza kurudi bila dawa kuongezwa.

Ndiyo maana nawaomba mkae kwenye benchi nusu saa baada ya sindano. Najua bajaji inasubiri nje na jua la Dodoma ni kali. Kaeni tu.

Jua hilohilo linanifanya nikague adrenalini kila ninapoingia zamu. Inataka mahali pa baridi kiasi na gizani, na Oktoba na Novemba chumba chetu huwa tanuri. Ikianza kugeuka rangi ya waridi au kahawia, haifai tena, hata kama tarehe yake haijapita. Wauguzi wenzangu mnaosoma hapa, inueni ile chupa mwangani leo.

Wazee wetu wana jambo jingine. Ukimwambia babu atumie dawa mseto, anakataa: "Dawa za malaria zinaniwasha." Ukimchimba, anaongelea klorokwini, iliyowawasha Waafrika wengi mwili mzima kama sindano chini ya ngozi, vipele hakuna. Muwasho ule haukuwa mzio hata kidogo, na Tanzania iliacha kuitumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Dawa mseto ni kitu kingine kabisa. Babu anaumia kwa kuogopa kidonge ambacho hata hapewi.

Basi kwenye daftari, ukurasa wa ndani wa jalada, mimi naandika hivi: "Septrin, vidonge, Machi 2024. Baada ya kama saa tano baka jeusi mdomoni na sehemu za siri. Mara ya tatu palepale. Asipewe Septrin wala SP." Mgonjwa naye apige picha ukurasa huo kwa simu, maana madaftari hulowa na kupotea. Pakiti ya dawa isitupwe mpaka dozi iishe. Na sisi tulio kazini tujaze ile fomu ya njano ya TMDA, mamlaka ya dawa nchini, ya kutoa taarifa za madhara ya dawa. Hata mgonjwa mwenyewe ana haki ya kutoa taarifa, na dawa mbovu au bandia nyingine hugundulika kwa njia hiyo.

Kama wewe au mzazi wako ana neno aleji kwenye daftari na jina la dawa halipo, lipeleke kwenye zahanati yako siku ambayo hauumwi. Kwetu asubuhi foleni ni ndefu, akina mama na watoto. Kuanzia saa nane mchana chumba cha sindano kinapata nafasi, na hapo tunaweza kukaa tukaulizana vizuri. Njoo na yule anayekumbuka ilivyokuwa.