Kichwa kiko wapi? Mimi na mzee tulivyoifuata mchongoko

Yote yalianza na video ya watsapu. Mzee wangu anakaa Moshi, Pasua, ana miaka 76, na ile simu tuliyomnunulia anaitumia kwa mambo mawili tu, matangazo ya misiba na video za treni. Siku hiyo kanirushia video ya mchongoko, ile treni mpya ya umeme yenye pua iliyochongoka, inapita kama mshale, chini kaandika: hii kichwa chake kiko wapi. Nikamjibu baba hii haina kichwa. Akapiga simu hapo hapo huku anacheka, treni haina kichwa? wewe unadhani unaongea na nani?

Mumuelewe kwanza. Mzee alikuwa mtu wa reli. Aliingia kazini enzi za reli ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ikavunjika 1977 yeye akabaki pale pale stesheni ya Moshi, kazi yake kupanga mabehewa, hili unganisha, lile kata, wenyewe wanaita kushanti. Maisha yake yote kichwa cha treni ndo baba mwenye nyumba, mabehewa ni watoto wanavutwa tu. Kumwambia kuna treni haina kichwa ni kama kumwambia kuna mbege, ile pombe yetu ya ndizi, haina ndizi. Nikaona hapa maneno hayataisha, nikamwambia njoo Arusha wiki ijayo twende ukaione kwa macho yako.

Sasa shida ni kwamba hiyo treni ya umeme inatoka Dar inaishia Dodoma, kwa hiyo mtu wa Kaskazini kuipanda lazima kwanza upande basi. Mzee akaja kulala kwangu Njiro, alfajiri tukaondoka. Makuyuni, Babati, Kondoa, Dodoma, kilomita mia nne na ushee, lami yote siku hizi. Babati tulinunua mahindi ya kuchoma. Kolo nikamwonesha upande ilipo ile michoro ya mapangoni ambayo wazungu wanatoka kwao kuja kuitazama, akasema mimi nimekuja kuona treni, akarudi kulala. Tumefika Dodoma kiuno si changu.

Asubuhi mzee kaamka saa kumi usiku, koti la suti, viatu vimepigwa rangi. Kitambulisho cha NIDA kashika mkononi toka gesti mpaka stesheni ingawa nilimwambia tiketi nishakata kwenye simu, kitaulizwa tu mlangoni. Ile stesheni ya Dodoma imechongwa kufuata milima ya mawe ya pale, na ya Dar imechukua sura ya tanzanaiti, yaani jiwe letu la Mererani limejengewa stesheni Dar na sisi tunaolitazama kila siku hatuna hata nguzo moja ya umeme ya treni. Basi tuyaache.

Kufika kwenye jukwaa mzee hakupanda. Akaanza kutembea. Kaenda mpaka mwisho wa treni, kasimama mbele ya ile pua, kaitazama, karudi mpaka mwisho wa pili, pua nyingine ile ile. Dada wa mlangoni ananiangalia, mimi namfuata mzee nyuma na begi, baba tutaachwa. Akarudi anahema, "Mabehewa manane. Huku kuna mdomo na huku kuna mdomo." Dada akamwambia shikamoo babu, karibu ndani. Marahaba mwanangu, akaingia, ila uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa kitu hajui ni nini.

Treni ilianza kutembea hatujui. Sitanii. Kwenye ile treni yetu ya zamani unajua kabisa sasa tunaondoka, kichwa kinavuta, behewa la kwanza linapokea, la pili, ule mshtuko unakuja taratibu mpaka unakufikia kwenye kiti na chai inamwagika. Hapa hakuna. Nilichoona ni nguzo zinarudi nyuma. Muda mfupi baadae skrini inasoma kilomita 160 kwa saa na mzee kaweka kikombe cha maji mezani kwa makusudi anakilinda na macho, maji yametulia kama ya mtungini.

Akapita kijana wa ufundi na sare yake, mzee akamkamata. Kijana wa watu mstaarabu kweli, akachuchumaa pembeni ya kiti akamweleza. Kwamba mota hazikai mbele peke yake, zimegawanywa chini ya mabehewa. Umeme unatoka kwenye ule waya wa juu, volti elfu 25, unapokelewa na mkono ulioko kwenye paa, unashushwa nguvu, ndo unaenda kwenye mota. Dereva akifunga breki zile mota zinageuka jenereta, zinarudisha umeme juu kwenye waya. Na ikifika mwisho wa safari hakuna kukata kichwa na kukizungusha, dereva anashika mkoba wake anatembea kwenda chumba cha upande wa pili, treni inaondoka.

Mzee kimya. Halafu akasema, "Kwa hiyo hakuna kushanti."

"Hakuna babu."

"Mimi nimefanya kazi ya kushanti miaka ishirini na nane."

Kijana hakujua aseme nini, akacheka kidogo, akaaga. Na mimi nilikosa la kusema nikajifanya naangalia dirishani, bahati nzuri hapo ndo tunaingia kwenye mahandaki ya kule Kilosa, refu kuliko yote linapita kilomita moja, giza likatusaidia.

Tulipotoka kwenye mwanga mzee karudi mwingine kabisa. Kachukua risiti yangu ya chakula kaigeuza nyuma, kaomba kalamu, kaanza kuchora mstari. Moshi. Boma Ng'ombe. Usa. Tengeru. Arusha. Akaniambia sikiliza, hawa wanaitumia hii treni vibaya. Treni inayovutwa na kichwa ndo ya safari ndefu, ikishashika mwendo inaenda zake, taabu yake ni kuanza na kusimama. Hii kila behewa linajisukuma, inaondoka haraka inasimama haraka, hii ni treni ya kusimama simama, ya watu wa kazini asubuhi na jioni. Hii ni ya kwetu.

Nikataka kubisha, maana Dar–Dodoma masaa matatu na kitu wakati basi ni siku nzima, hiyo nayo si matumizi mabaya. Lakini kwenye Moshi–Arusha nikamkubalia. Kilomita themanini tu jamani. Na watu wanaokwenda na kurudi kila siku ni wengi mno, walimu, wafanyabiashara wa soko la Kilombero pale Arusha, wanafunzi, wote wanabanana kwenye kosta na Noah, vibao vya mwendo wa 50 kila penye vibanda vitatu, trafiki huyu na trafiki yule. Reli ipo! Wajerumani walianza Tanga 1893, wakafika Moshi 1911, Waingereza wakaifikisha Arusha 1929. Ikaja ikafa kwa abiria miaka mingi sana, 2019 treni ya abiria ikarudi Moshi na 2020 ikarudi Arusha, na siku ile watu walijipanga pembeni ya reli kama wanapokea mgeni wa taifa.

Ila na mimi nisimdanganye mtu. Huwezi kuichukua mchongoko ukaileta tu. Reli yetu ni ya mita moja, ile ni ya milimita 1,435, hata kukaa haikai. Mpaka ujenge upya, unyooshe kona, uweke waya na vituo vya kupozea umeme. Reli ya kisasa ya Tanga–Arusha–Musoma, kilomita 1,028, imekaa kwenye mipango toka nikiwa sijaota ndevu. Nilimwambia mzee haya yote, akakunja ile risiti akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Dar tulilala kwa shangazi Tabata, kesho yake tukapanda treni ya kwetu kurudi Moshi, ya dizeli. Ee bwana, mzee alivyopanda pale ni kama samaki karudishwa majini. Mlio ule wa chuma kwa chuma, ta-ta-ta-ta, alilala fofofo kabla ya Ruvu. Usiku anaamka gizani anakwambia hapa Mnyusi bila kuchungulia nje, anasikia kwa masikio tu. Korogwe, Mombo, alfajiri tukaiona Same na milima ya Upare imekaa na ukungu wake, watoto wanapunga mikono. Kahe akanionesha inapochepuka ile ya kwenda Taveta na Voi, Waingereza waliileta wakati wa vita ya kwanza. Ni safari nzuri mno na sitaki mtu aiseme vibaya, lakini ni usiku kucha, na mimi Jumatatu nina kazi.

Moshi tukashuka. Mzee badala ya kwenda nje akabaki amesimama kwenye jukwaa akitazama vijana wanahangaika na kichwa. Alisimama pale mpaka treni ikaondoka kwenda Arusha, na mimi sikuendelea nayo kwa sababu sikutaka kumuacha amesimama peke yake. Tukala mtori sokoni, nikampandisha bodaboda, mimi nikakimbilia stendi kupanda kosta.

Kosta yenyewe ikazunguka kutafuta abiria, Boma ikasimama, KIA ikasimama, Maji ya Chai tukashusha mama mwenye madumu saba, kila dumu na ugomvi wake na konda. Simu ikaita.

"Umefika?"

"Bado baba, niko Usa."

"Umetoka hapa saa ngapi?"

Nikamtajia. Kimya. Nikasikia karatasi inakunjuliwa.

"Usa ni kituo cha tatu," akasema, akakata simu.