Siku moja maishani mwangu: Jumatano ya katibu wa klabu, Mwanza

Saa 12 asubuhi

Klabu yetu ni ya watu wa kazi mbalimbali wanaochangia miradi ya jamii na kukutana kila Jumatano jioni, na siku ya mkutano huanza kwa kuhesabu sahani. Kundi la WhatsApp lilifungwa jana saa 3 usiku. Aliyeandika "nipo" anahesabiwa, aliyeweka dole gumba hahesabiwi, kwa sababu dole gumba kwenye kundi letu ni salamu tu. Leo "nipo" ziko 31, nami naagiza vitafunwa vya watu 28. Kila wiki wawili watatu hukwama: mzigo wa dagaa umechelewa kufika soko la samaki la Mwaloni, foleni ya Buzuruga haisogei, aliyevuka Kamanga asubuhi amekosa kivuko cha kurudi. Hoteli hutoza sahani zilizoagizwa, si zilizoliwa. Sahani mbili zikipungua hakuna atakayejua, lakini sita zikizidi zinalipwa na mfuko ule ule unaonunua saruji.

Saa 2

Kazi ya mwajiri. Hadi saa 7 klabu inapata simu moja tu.

Saa 4 na robo

Simu yenyewe ni ya mgeni msemaji, mhudumu wa afya atakayetueleza habari za kichocho. Namuuliza majina yake kamili na yanavyotamkwa, cheo anachotaka kitajwe, kama ana picha za kuonyesha ukutani, na kama anahitaji usafiri wa kurudi. Kisha namwambia muda kwa saa: "Daktari, utasimama saa 12 na dakika 25, utakaa saa 12 na dakika 45, halafu maswali dakika kumi." Ukimwambia msemaji "zungumza kwa ufupi" umemruhusu kuzungumza saa nzima. Kila mtu ana ufupi wake.

Saa 7 mchana

Bodaboda, dakika 25, hadi shule ya msingi iliyo karibu na ziwa upande wa Ilemela. Habari za mradi kwenye taarifa ya wiki haziandikwi kwa kusimuliwa. Naenda na futi kamba na simu ya kupigia picha.

Mradi ni simtanki la lita 5,000 la kuvuna maji ya mvua. Paa linalotumika ni upande mmoja wa madarasa, mita 20 kwa 4, yaani mita za mraba 80. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 10 ni lita 800. Toa moja ya tano inayomwagika na kukauka juani, zinabaki 640. Tanki litajaa baada ya milimita 80 hivi kwa jumla. Wanafunzi 400 wakinawa kwa nusu lita kila mmoja kwa siku, lita 5,000 ni siku 25 bila tone la mvua. Hesabu hii nimeiandika kwenye taarifa mara tatu sasa, na kila mara kuna mwanachama anayeuliza kwa nini tusinunue tanki la lita 10,000. Jibu ni paa. Tanki kubwa chini ya paa dogo ni fahari ya picha ya uzinduzi.

Leo kuna kasoro mbili. Ya kwanza ni gata. Linatakiwa kushuka sentimita 1 kwa kila mita 2, yaani sentimita 10 kutoka mwanzo hadi kwenye bomba la kushusha maji, na vishikio viwe kila sentimita 60. Fundi ameviweka kila mita moja na ushee, hivyo gata limelegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo. Mvua kubwa ikija maji yatamwagikia hapo, na yatakayobaki yatalea mbu.

Ya pili ni kubwa zaidi, nayo haionekani upesi. Mvua ya kwanza inaosha paa: vumbi, majani, kinyesi cha ndege. Maji hayo hayatakiwi tankini. Kwa paa hili inabidi kumwaga angalau lita 40, nusu lita kwa kila mita ya mraba. Kuyakinga maji hayo ya kwanza, fundi amefunga kipande cha bomba la inchi 4 chenye urefu wa mita moja, chenye kizibo chini. Bomba la inchi 4 hubeba lita 8 hivi kwa mita. Yaani tumemwaga lita 8, na lita 32 za kinyesi cha ndege zinaingia kwa watoto. Dawa yake ni pipa dogo la lita 40 au zaidi, lenye koki chini inayofunguliwa kila baada ya mvua. Asipopatikana mtu wa kuifungua, koki iachwe ikidondosha polepole, pipa lijimwage lenyewe.

Msingi uko sawa. Tanki likijaa ni tani tano, na msingi huu ni zege lenye ukingo, halina jiwe linalochungulia. Mwanza mawe yako kila mahali, na jiwe moja chini ya tanki la plastiki linatosha kulipasua. Koki iko sentimita 45 kutoka chini, ndoo inaingia.

Napiga picha za gata na bomba. Watoto siwapigi. Mwalimu mkuu akitoa ruhusa, tunapiga mikono inayonawa, si nyuso.

Saa 10 na nusu alasiri

Sanduku la klabu. Ndani: kengele na nyundo yake, bango, beji, daftari la mahudhurio, daftari la faini, kalamu sita (zitarudi mbili), waya mrefu wa umeme, vichwa vya kuunganishia kompyuta na projekta, taa ya kuchaji. Umeme ukikatika mkutano hauahirishwi: msemaji anasogea katikati ya meza na picha zake zinatumwa kwenye kundi.

Saa 11 na nusu

Ukumbini nafika wa kwanza, kwa sababu ya beji. Klabu nyingi huzipanga mlangoni, kila mtu achukue yake. Matokeo yake wafanyabiashara wa samaki wanakaa na wenzao, walimu na wenzao, na wanachama wapya wanakaa karibu na mlango. Sisi beji zinatangulia mezani. Mtu akifika anatafuta jina lake, anajikuta kati ya fundi boti na mwanasheria. Wiki inayofuata napanga upya. Manung'uniko huisha sambusa zikifika.

Wageni wana beji ya rangi nyingine, na kila mgeni ana mwenyeji wake. Asiyepewa mwenyeji huishia kutazama simu.

Saa 12 kamili jioni

Kengele, hata tukiwa tisa. Ukisubiri wachelewaji wiki moja, wiki ya pili waliowahi nao watachelewa.

Desturi hizi tumezirithi. Paul Harris, mwanasheria wa Chicago, alikutana na wenzake watatu tarehe 23 Februari 1905, wakaendelea kukutana kwa zamu katika ofisi zao, na zamu hiyo ndiyo iliyowapa jina la Rotary, ambayo leo ni mtandao wa klabu za kujitolea duniani. Lions, mtandao mwingine wa aina hiyo, nao walianzia mji huo huo mwaka 1917. Klabu yetu ni ndogo na haiko chini ya yeyote kati yao, lakini kengele, faini na taarifa ya wiki ni mambo yale yale. Tangu mwaka 2016 Rotary wanaruhusu klabu kukutana angalau mara mbili kwa mwezi, na kwetu wapo wanaotaka tufuate. Mimi nakataa. Ahadi ya Jumatano bado ina joto Jumatano inayofuata. Ikipita wiki mbili, aliyeahidi anauliza, "Nilisema hivyo?"

Wageni wanatambulishwa, kisha yatokanayo: gata na bomba, kwa picha na vipimo. Sisemi "kuna changamoto ndogondogo." Nasema lita 8 badala ya 40, ukumbi unaelewa.

Halafu faini, michango ya utani, dakika kumi. Mpiga faini wetu ana kanuni: shilingi 1,000, kiasi ambacho hakimzuii mtu kurudi wiki ijayo. Simu iliyolia, aliyechelewa, aliyenunua gari akanyamaza, aliyeonekana gazetini. Hatozi faini kwa ugonjwa, madeni, ndoa wala biashara iliyolala, na mgeni haguswi. Mwenye furaha anajitoza mwenyewe: mjukuu amezaliwa, binti amefaulu.

Fedha zinahesabiwa na watu wawili kabla hazijaondoka mezani. Zinapoharibikia ni kwenye kuchanganya taslimu na za simu. Mtu anasema ametuma 5,000, lakini mweka hazina akishaihamishia benki, makato yameila kidogo, na mwisho wa mwezi daftari na salio havisalimiani. Kwa hiyo tunaandika safu tatu: kilichotumwa, makato, kilichofika.

Saa 12 na dakika 25

Msemaji anasimama kwa wakati. Mayai ya kichocho yanaingia majini kwa mkojo au kinyesi, vijidudu vinakua ndani ya konokono, kisha vinatoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayechota. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Shuleni wanapima kwa fimbo ya urefu badala ya mizani. Mtoto wa kilo 30 anahitaji miligramu 1,200, yaani vidonge viwili vya 600. Dawa inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki, na mtoto akirudi ziwani anaambukizwa upya, ndiyo maana zoezi linarudiwa.

Jambo linalotuhusu sisi analitaja akijibu swali. Mtoto akimeza tumbo tupu anapata kichefuchefu, anatapika mbele ya wenzake, na foleni nzima inakimbia. Wahudumu wana dawa, hawana uji. Naandika: uji, wanafunzi 400, robo lita kila mmoja, lita 100. Sufuria, kuni, vikombe, wapishi wanne. Anaongeza kwamba maji ya ziwa yaliyotulia tankini siku mbili, bila konokono na bila kuongezwa mapya, vijidudu vyake vinakuwa vimekufa. Maji ya mvua hayana shida hiyo tangu mwanzo. Muuliza tanki la lita 10,000 ametulia.

Saa 1 usiku

Kengele ya kufunga, na hapo ndipo kazi inapoanza. Watu wamesimama na chai, wengine wanamalizia samaki wa mwisho, mzee mmoja anasalimia kila anayepita kwa "Mwadila!" hata asiye Msukuma. Katibu asikae na kompyuta. Azunguke na kijidaftari, kwa sababu ahadi za kweli hutolewa kwa kusimama, na nusu yake hufa mlangoni.

"Mzee, shikamoo. Nimesikia unasaidia saruji ya njia ya maji."

"Marahaba. Ndiyo, nitatoa."

"Mifuko mingapi, mzee, na siku gani?"

"Sita. Ijumaa, kijana wangu ataileta."

"Namba ya kijana?"

Bila maswali hayo mawili ya mwisho, saruji hiyo ingekuwa maneno mazuri. Mama mmoja mwenye mgahawa Kirumba anachukua sufuria mbili za uji. Pipa la lita 40 linapatikana pembeni ya meza ya chai, kwa mtu ambaye kikaoni hakufungua mdomo.

Saa 3 usiku

Taarifa ya wiki inaandikwa usiku huu huu. Ukurasa mmoja, maneno 350. Juu kabisa ni tarehe na mahali pa mkutano ujao, kwa sababu nusu ya wasomaji huishia hapo. Mahudhurio 27. Fedha, baada ya kumpigia mweka hazina tarakimu zilingane. Mradi, kasoro zikiwa na majina ya watakaozirekebisha. Msemaji, mistari mitano. Kisha furaha na misiba. Habari ya msiba siiandiki mpaka nimeongea na mtu mmoja wa familia, jina na mahali pa maziko vihakikiwe. Rambirambi naandika jumla yake bila kutaja nani katoa kiasi gani. Najua vikundi vingi huorodhesha, lakini mwenye 2,000 akisomwa chini ya mwenye 100,000, mara nyingine hatoi kabisa.

Mwisho kuna kona ya masahihisho ya wiki iliyopita. Rotary wana maswali manne yaliyotungwa na Herbert Taylor mwaka 1932, la kwanza likiuliza kama jambo ni la kweli. Kona hii ni namna yetu ya kulijibu.

Natuma maandishi matupu na picha mbili. Faili kubwa wengine hawalifungui, simu zimejaa au bando limekwisha, na wenzetu wa Ukerewe mtandao huwafikia kwa zamu.

Saa 4 kasoro dakika tano

Jibu la kwanza linaingia, kutoka kwa yule mzee: "Mwanangu, nimezungumza na kijana. Mifuko ni saba, na ni Jumamosi."

Naiweka kwenye kona ya masahihisho.