Siku moja bila ugali Moshi, na midomo ya watu

Saa 11 na nusu alfajiri niko jikoni. Watoto na baba yao uji na viazi vitamu, mimi mayai na mchicha wa kukaanga, chai ya rangi bila sukari. Baba Glory ananiuliza "hiyo nayo ni chai?" namwambia ndiyo, haya chukua funguo.

Saa 2 nimeshafungua, cherehani yangu iko barazani karibu na soko la Mbuyuni. Mteja wa kwanza hata kitenge chake hajakipokea, "dada mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Ndo watu wetu, ukipungua kidogo tu unapewa ugonjwa. Namjibu niko fiti mama, nimepunguza wanga, basi, tunahamia kwenye pindo la gauni. Ukijieleza sana ndo wanazidi kukutilia shaka.

Saa 4 supu inapita. Nachukua ya ng'ombe bila chapati na chumvi naongeza makusudi, maana ukikata wanga mwili unatoa maji na chumvi nyingi, ndo kile kichwa kuuma cha siku za mwanzo ambacho watu wanakirukia "si tulikwambia!" Glaikojeni, yaani akiba ya sukari mwilini, kila gramu 1 inashikilia kama gramu 3 za maji, kwa hiyo kilo zinazokimbia mwanzoni nyingi ni maji. Mwenzangu wa cherehani ya pembeni anataka kuanza na yeye ila anatumia dawa za kisukari, huyo nimemwambia aanzie kwa daktari wake, ukipunguza wanga na dozi ikabaki ileile sukari inaweza ikashuka ukaanguka. Hapo sifanyi utani.

Saa 7 dagaa, mnafu na parachichi. Kuna wanaosema eti hii ni diet ya matajiri, parachichi la Moshi hili hili? Gramu 100 zina wanga kama gramu 9 na karibu 7 ni nyuzinyuzi, ambazo hazigeuki sukari mwilini.

Saa 11 jioni Kibosho kwa mama mkwe, na ni machalari, yaani ndizi zilizopikwa na nyama, sufuria zima linanukia mpaka barabarani. Nasalimia, nakaa, naomba nyama na mchuzi mwingi na kipande kimoja cha ndizi, kukataa kabisa kwa mkwe Uchagani hapana jamani. Mbege, pombe yetu ya ndizi, nampa shemeji. Mama akaanza: "Ndizi ndo zimewakuza wote humu, nani kafa?" Nikamwambia kweli mama, ila wewe unashinda kihambani, shamba la nyumbani, na unapandisha mlima na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, mimi kutwa nzima nimekalia stuli. Akacheka, akanirushia mfupa mwingine wenye nyama kwenye sahani.

Kuondoka kanifungia mkungu wa wajukuu. Konda wa hiace anadai mkungu ulipiwe nauli kama abiria, tumebishana hadi mjini.