Kiberiti mkobani

Mwaka 2018 nipo Mtwara mjini na cherehani yangu ya kukanyaga, mama lishe wa feri wakanipa oda ya aproni 20, rangi moja wote, wanataka wapendeze msimu wa korosho ukianza. Oda kubwa vile sijawahi kuipata. Nikakimbilia sokoni nikaona kitambaa cha bluu kinang'aa, muuzaji ananiambia dada hiki hakijikunji, unafua usiku asubuhi kikavu, mita moja shilingi 3,000 tu, upana inchi 60 yani kila mita unatoa aproni mbili. Nikabeba mita 10.

Ya kwanza nikampelekea dada mmoja anayekaanga samaki aijaribu. Cheche ikaruka kutoka kwenye mkaa ikatua tumboni, na kile kitambaa hakikuungua kama nguo tunavyozijua, kiliyeyuka, kikaganda kwenye kanga yake ya ndani, tundu kingo zake nyeusi ngumu. Ngozi haikuguswa, alhamdulillah, ila mikono ilinitetemeka siku nzima.

Shangazi alivyoliona tundu akasema lete kiberiti. Akachomoa uzi kwenye ile bluu akauwasha, ukajikunyata ukawa kapunje keusi kagumu, moshi unanuka plastiki. Akachomoa mwingine kwenye shuka lake la pamba la zamani, huo ukawaka kama karatasi, majivu ukiyasugua kidoleni yanapotea. "Mwanangu, mtu wa jikoni mvishe pamba."

Basi nikarudi sokoni na kiberiti mkobani, kila duka naomba kauzi, wengine wakaninunia. Kaki mbili nilizozitegemea zikaacha kapunje, kumbe zimechanganywa. Duka la nne ndo nikapata drili ya pamba tupu, nzito, 7,000 mita, faida karibu yote ikaishia hapo lakini ningefanyaje, wale ni watu wanasimama motoni kutwa. Nikailoweka usiku kucha kabla ya kukata, ilipokauka napima mita 10 imebaki tisa na nusu, bora isinyae kwangu kuliko mwilini mwa mtu. Zikatoka 19, ya 20 nikaongeza kitambaa. Ile bluu nikaishonea vikapu vya sokoni.

Nilipompelekea yule dada ya kwake hakuivaa kwanza. Aligeuza pindo akachomoa kauzi, akakasogeza kwenye jiko lake, tukakaangalia wote mpaka kakaisha majivu.