Nilimwandikia mtoto wa miaka 6 kwamba ni mvutaji sigara

Naandika hii kwa ajili ya wenzangu mlioko Marekani mnaosomea kuweka kodi za magonjwa, najua mko wengi, mgongo umekataa tena kunyanyua wazee na mnatafuta kazi ya kukaa. Na kodi ninayosema sio ya nyumba wala ya serikali, ni zile herufi na namba ambazo kila ugonjwa unapewa ili klemu, yani madai ya malipo, iende bima na mwingine akifungua faili la mgonjwa aelewe kilichomsumbua. Vitu vidogo vya huyo mtoto nimevibadilisha asitambulike, ila kosa ni langu kabisa na lilitokea hivi hivi.

Nilifaulu mtihani wa CPC, cheti cha waweka kodi kinachotolewa na chama chao cha AAPC, maswali 100 kwa masaa 4, unaingia na vitabu vyako na pasi ni asilimia 70. Nikapata kazi ofisi inayohudumia kliniki za watoto hapa Ohio, cheti changu kikiwa bado na ile A mwishoni, CPC-A, A ya mwanagenzi. Wiki ya tatu ndo ikanikuta.

Mtoto wa miaka 6 kaletwa na bibi yake, pumu imembana, kapewa nebulaiza, ile mashine ya kuvuta dawa, palepale mara mbili akapata nafuu akarudi nyumbani. Kwenye notsi za daktari kuna mstari mmoja mfupi, kwamba kuna mvutaji, baba, ndani ya nyumba. Mi jicho likanasa kwenye neno mvutaji tu. Nikaenda kwenye faharasa ya kitabu, herufi S, na ukilitafuta lile neno lao la mvutaji, smoker, pale kitabu kinakutupa moja kwa moja kwenye utegemezi wa nikotini, nikafuata kama kilivyosema, nikafika F17.210, utegemezi wa nikotini ya sigara bila matatizo mengine, nikaiweka chini ya J45.901 ambayo ni pumu iliyochachamaa isiyotajwa ukali wake, nikabonyeza, klemu ikaondoka. Programu haikunizuia.

Kazi ya mtu mpya ilikua inakaguliwa baada ya klemu kutoka, na aliyekua ananikagua ni dada mmoja Mkenya, yuko kwenye hii kazi miaka mingi. Akanipigia simu mchana.

"Mdogo wangu, hebu fungua hiyo faili. Nani ndio anavuta hapo?"

"Baba yake, dada."

"Na mgonjwa wetu ni nani?"

Nikanyamaza.

"Umemwandikia mtoto wa darasa la kwanza ati hawezi kukaa bila sigara."

Yani nilihisi tumbo limeshuka. Maana kodi haibaki kwenye ile karatasi, inakaa bima, inaingia kwenye orodha ya matatizo ya mgonjwa, siku akihamia daktari mwingine inamfuata, na mtoto hana namna ya kujitetea. Dada hakunigombeza hata kidogo, alisema tu tuirekebishe leo leo. Tukatuma klemu ya marekebisho, kwenye ile fomu ya CMS-1500 sanduku la 22 unaweka 7, maana yake hii inachukua nafasi ya ile ya mwanzo, pamoja na namba ambayo bima waliipa ile ya mwanzo. Afu nikaomba kliniki waangalie orodha yake ya matatizo. Ilikua imeshaingia kule pia. Wakaitoa, wakaweka ile sahihi. Kwaiyo na nyie mkikosea msiishie kwenye klemu, ulizeni na faili.

Kodi iliyotakiwa ni Z77.22, yani mtu amekutana na moshi wa tumbaku ulioko kwenye mazingira yake, iwe mara moja au kwa muda mrefu. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba kitabu kilikua kimeniambia. Ukifungua J45 yenyewe, juu pale kabla ya kodi zote za pumu, kuna maelezo yanasema ongeza kodi nyingine kuonyesha kama mgonjwa anakutana na moshi wa sigara, na Z77.22 imetajwa kwa namba kabisa. Maelezo hayo hayo yapo mwanzo wa sura nzima ya magonjwa ya kupumua, yapo kwenye H65 na H66 ambazo ni uvimbe na maambukizi ya sikio la kati, maana moshi unawaharibia watoto masikio pia, wengi hawajui hilo. Mi nilikua nasoma faharasa tu halafu narukia namba. Sikuhizi nikipata namba kwenye faharasa narudi kwenye orodha kuu nasoma kuanzia juu, hata kama namba nimeshaizoea.

Na kabla sijagusa kitabu naandika kwenye kikaratasi: moshi wa nani, kaupatia wapi, ana umri gani. Hayo maswali yamenisaidia kuliko kozi yote. Kama moshi ni wa mgonjwa mwenyewe hapo unaenda F17, ile ya utegemezi, au Z72.0, ya kutumia tumbaku tu, kulingana na daktari alivyoandika, na Z77.22 huruhusiwi kuiweka pamoja nazo, hata kama nyumbani kwake wanavuta wote, kitabu kinakataza kwa lile katazo la aina ya 1. Akiwa ni mtu anayepigwa na moshi kazini, mfano anayegawa karata kasino ambako wateja wanavuta usiku kucha, hiyo ni Z57.31, na hapa katazo ni la aina ya 2, yani kama na nyumbani mume anavuta unaruhusiwa kuweka zote mbili. Mtoto mchanga anayekutana na moshi wa wazazi kipindi kile cha mwanzo kabisa ana ya kwake, P96.81. Ila kama mama alivuta akiwa mjamzito na daktari anasema ndo kilichomuathiri mtoto, hiyo ni P04.2, msizichanganye.

Kuna mtego mwingine, ukitafuta mtandaoni utakutana na Z58.7. Hiyo ni ya ICD-10, kitabu cha kodi za magonjwa cha Shirika la Afya Duniani, na sio kwamba ni ya uongo, kule ndo yenyewe, ila Marekani wanatumia toleo lao la ICD-10-CM tangu tarehe 1 Oktoba 2015 na humo Z58.7 haipo, klemu itarudi. Na moshi wa kuni sio huu. Niliwahi kupata faili la mama mmoja, kaandikiwa kwamba amepikia kwenye moshi miaka na miaka kabla hajaja huku, kikohozi hakiishi. Mkono ulishaanza kuandika Z77.22, nikakumbuka ni ya tumbaku tu.

Sehemu ngumu ni pale ambapo wewe unajua lakini daktari hakuandika. Nesi anaandika nguo za mtoto zinanuka sigara, basi, daktari kimya. Huwezi kuweka kodi kwa sababu ya harufu. Hapo natuma kwiri, swali la maandishi kwa daktari, na swali lenyewe halitakiwi kumwelekeza jibu. Siandiki "tafadhali ongeza moshi wa sigara". Naandika kwamba nesi ameona hivi tarehe fulani, je kuna maelezo yoyote ya kitabibu kuhusu hilo ungependa kuongeza. Wengine wanajibu siku hiyo hiyo, wengine unafuatilia mpaka unachoka, fuatilia tu.

Nimeambiwa mara nyingi na watu wa kazini kwamba kodi zinazoanza na Z haziongezi hela kwahiyo usipoteze muda. Mi sikubaliani, na nitabishana na yeyote. Ile fomu ina nafasi 12 za magonjwa, nafasi sio tatizo. Daktari mkuu wa serikali ya Marekani alishasema kwenye ripoti yake ya 2006 kwamba hakuna kiwango cha moshi wa sigara za wengine ambacho ni salama, sasa kama pumu ya mtoto inaandikwa kila mara bila huo moshi, kila daktari anayemwona ataongeza dawa tu.

Yule mtoto faili lake lilinijia tena baada ya miezi miwili na kidogo. Safari hii kaja kukaguliwa tu, kifua kizuri. Daktari alikua mwingine, na kwenye notsi kaandika kwamba ameona kwenye orodha mtoto anakutana na moshi wa sigara kwahiyo ameuliza nyumbani hali ikoje, bibi kasema baba sikuhizi havuti ndani ila anavuta kwenye gari, na gari hilo ndo linampeleka mtoto shule. Daktari akampigia baba simu palepale, wakaongea, akampa namba ya 1-800-QUIT-NOW ya watu wanaosaidia kuacha, baba akasema atapiga. Nilisoma ule mstari mara tatu. Afu nikaweka J45.909, pumu bila kuchachamaa, na chini yake Z77.22, maana lile gari bado lina moshi.