Siku Gari Lilipokataa Kuzimika

Sindano ya mita ndiyo iliyotutuma kazini. Datsun 240Z ya mjomba, ya mwaka 1972, haina taa nyekundu ya chaji. Ina mita ndogo ya ampea inayokaa pamoja na geji ya mafuta. Usiku mmoja tulikwama kwenye foleni, mvua inanyesha, taa kubwa zinawaka, waipa zinapiga, halafu feni ya umeme tuliyoifunga mwaka uliotangulia ikajiwasha. Sindano ikalala upande wa kutoa, yaani betri inatoa umeme kuliko inavyochajiwa, ikabaki hukohuko. Taa zikageuka njano. Nikikanyaga mafuta zinang'aa, nikiachia zinafifia. Mjomba alizima redio mwenyewe, na hadi tunafika nyumbani hakuna aliyesema neno.

Asubuhi yake tulipiga hesabu. Balbu mbili za wati 55 zinakula karibu ampea 9. Feni yetu ilikula kama 15. Ongeza waipa, feni ya kupuliza hewa ndani, taa za nyuma, koili inayozipa plagi cheche. Oltaneta ya zamani, ile mashine inayozungushwa na injini ili ichaji betri, imeandikwa ampea 50, na mtu akiisoma namba hiyo anaona bado ana akiba. Lakini hizo ni ampea za injini inayozunguka kwa kasi. Kwenye foleni, injini ikiunguruma bila kukanyagwa, unapata sehemu tu ya hizo, na kinachopungua kinatoka kwenye betri.

Wenye Z wanaijua dawa yake siku nyingi: oltaneta ya ampea 60 ya 280ZX, gari la familia hiyohiyo lililotoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Inakaa kwenye breketi ileile, na regulata yake, yaani kidhibiti cha volti, imo ndani kwa ndani, wala huhitaji kile kisanduku cha pembeni cha regulata ya zamani. Zipo za ampea 100 na zaidi, na nilishawishika. Mjomba alikataa, na mpaka leo naona alikuwa sahihi: oltaneta kubwa ikikuta betri imeisha, inaweza kupitisha umeme mwingi kuliko nyaya za zamani zinavyoweza kubeba.

Tulianza kwa kuchomoa hasi ya betri, maana ule waya mnene wa oltaneta una umeme muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa. Kubadilisha oltaneta yenyewe hakukuchukua muda. Puli ilipishana na nyingine kwa milimita chache, tukaweka washa mbili nyuma ya sikio la oltaneta, feni belti ikanyooka, basi.

Kazi ilikuwa kwenye nyaya. Nilipoukunja waya mkuu, ganda lake lilipasuka kama ganda la karanga kavu, na shaba ndani ilikuwa nyeusi. Nikachuna sentimita mbili, bado nyeusi. Nikachuna tano, ndipo ikaanza kuonekana rangi yake. Waya huo ndio uliobeba chaji yote ya gari: kutoka kwenye injini, kuingia ndani, kupita kwenye mita ya ampea nyuma ya dashibodi, kisha kurudi hadi kwenye betri. Safari yote hiyo, na viungo vyenye umri wangu.

Nikasema tuvute waya mpya wa milimita za mraba 16 moja kwa moja kutoka oltaneta hadi betri, wenye fyuzi ya ampea 80 karibu kabisa na betri, kwa sababu waya ukigusa bodi, betri ndiyo itakayouchoma.

"Mjomba, sindano yangu je?" akaniuliza. Yeye naye huniita mjomba.

Nikamweleza kwamba haitauona tena umeme wote, kwa hiyo tutafunga mita ndogo ya volti chini ya dashibodi. Aliishika ile mita mpya muda mrefu kabla ya kunirudishia. Aliendesha kwa kuitazama sindano ile miaka yote.

Tukaondoa regulata ya zamani na kuunganisha nyaya za soketi yake mbilimbili. Jioni tukawasha. Volti 14.2. Tukawasha taa, waipa, feni zote: 13.8, na taa nyeupe pee. Mjomba akacheka kwa sauti, akageuza ufunguo kuzima.

Gari halikuzimika.

"Mjomba, umezima?"

"Ufunguo huu hapa mkononi!"

Injini ya silinda sita, inaunguruma taratibu kana kwamba hakuna aliyeigusa. Nikamwambia akanyage breki, aingize gia ya juu, aachie klachi polepole. Gari likatikisika, likafa.

Nilijua kosa liko wapi kabla boneti haijafunguliwa. Oltaneta ya aina hiyo ina waya mwembamba unaopokea umeme wa swichi ili ianze kuchaji. Ikishachaji, waya uleule unaweza kurudisha umeme nyuma hadi kwenye koili, na plagi zikaendelea kupiga cheche. Kwenye gari lenye taa ya chaji, balbu hupunguza umeme huo unaorudi. Letu halina, kwa hiyo ilitakiwa dayodi, kipande kinachoruhusu umeme upite upande mmoja tu, na mimi nilikuwa nimeiacha mezani nikiamini tutaifunga baadaye.

Nikaukata ule waya, nikailehemu dayodi, ule mstari wake mweupe ukitazama oltaneta, nikaivika mpira. Ni kidude chenye ukubwa wa punje ya mchele. Mjomba alinimulikia kwa tochi bila kuzungumza mpaka nikamaliza.

Akawasha. 14.2. Akazima, kukawa kimya. Akawasha tena, akazima tena, mara nne au tano, kila mara akiinamisha sikio kusikiliza ule ukimya.